Daraja la Kwanza Si Ushindi: Daftari la Wakosaji wa Kingono Katika Jimbo la New York, na Sababu ya Sisi wa Mpakani Kulifahamu

Katika vikao vya ujirani mwema baina ya polisi na wananchi vinavyofanyika huku mpakani, kuna swali ambalo haliulizwi mbele ya watu wote. Huulizwa mwishoni, viti vikikusanywa. Mzazi huja kando na kusema kwa sauti ya chini: "Afande, yule mgeni anayesaidia watoto kule kituoni, kijana wangu amemtafuta katika simu akaona picha yake na namba. Imeandikwa daraja la pili. Je, ni mtu mbaya au ni mtu aliyekwisha kusamehewa?"

Swali hili ni la haki, na jibu la haraka litamdanganya anayeuliza. Sisi tumezoea madaraja ya shule, ambamo daraja la kwanza ni furaha ya nyumba nzima na daraja la tatu ni jambo la kunyamaziwa. Katika madaftari ya Marekani hesabu imegeuka: daraja la kwanza ni la hatari ndogo, la pili ni la hatari ya wastani, na la tatu ni la hatari kubwa. Hilo peke yake limewapoteza wengi. Aidha, hatari inayopimwa hapo si ile ambayo wengi huidhania. Kwa hiyo toleo hili linaeleza sheria ya jimbo moja, yaani New York, ambayo madaraja yake yamepangwa kwa uwazi na ambayo majina yake hukutwa mara nyingi na wasomaji wanaopekua mtandaoni. Kisha tutarudi nyumbani, maana sheria hiyo ya mbali ina mkia unaofika hadi kwenye lango letu la forodha.

Marekani haina daftari moja lililoanzishwa na serikali kuu na kufuatwa na wote. Kila jimbo lina lake. California ilianza kuandikisha wakosaji wa kingono mwaka 1947, lakini kwa miongo mingi habari hizo zilikaa katika makabati ya polisi, na jirani hakuwa na njia ya kuzijua. Jimbo la Washington ndilo lililotangulia, mwaka 1990, kutunga sheria ya kuwaarifu wananchi. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1994, pale mtoto wa miaka 7 aitwaye Megan Kanka alipouawa katika mji wa Hamilton, New Jersey, na jirani aliyekuwa amekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto. Wazazi wake walisema kwamba laiti wangejua, mtoto asingekaribia nyumba ile. Kabla ya mwaka huo kwisha New Jersey ilikuwa na sheria mpya, na mwaka 1996 sheria ya taifa zima iliyayataka majimbo yote kuwa na utaratibu wa kuwajulisha watu. Hadi leo sheria za aina hiyo huitwa kwa jina la mtoto huyo.

New York ilipitisha Sheria ya Kuandikisha Wakosaji wa Kingono mwaka 1995, nayo ikaanza kutumika tarehe 21 Januari 1996. Msingi wake ni kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa mojawapo ya makosa yaliyotajwa lazima aandikishwe, na kwamba kabla hajarudi katika jamii apimwe kiwango cha hatari yake.

Namna daraja linavyopatikana

Anayepima kwanza ni Bodi ya Wachunguzi wa Wakosaji wa Kingono, yenye wajumbe watano wanaoteuliwa na gavana. Bodi husoma jalada la kesi, taarifa za gereza na historia ya mtu, kisha huandika pendekezo. Pendekezo hilo si hukumu. Daraja hutolewa na jaji baada ya kikao mahakamani, ambapo mkosaji ana haki ya kuwa na wakili, naye wakili wa serikali ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha. Kiwango hicho cha ushahidi ni cha chini kuliko kile cha kuondoa shaka katika kesi ya jinai, lakini ni cha juu kuliko dhana na uvumi. Msomaji azingatie jambo hili, kwa sababu huku kwetu mtu huweza kupewa jina la mnajisi kwa sababu ya neno la kisimani tu.

Chombo kinachotumiwa ni karatasi ya alama yenye vigezo 15. Baadhi yake hutazama tendo lenyewe: kama nguvu au silaha ilitumika, mwili wa mwathirika ulidhulumiwa kwa kiasi gani, waathirika walikuwa wangapi, umri wao ulikuwa upi, walikuwa na ulemavu wa akili au hali ya kutojiweza, na mkosaji alikuwa nani kwao. Vigezo vingine hutazama maisha ya nyuma ya mkosaji, yaani umri wake alipoanza, makosa ya awali, ulevi na dawa za kulevya. Vilivyosalia hutazama mwenendo wake baada ya hukumu: kama amekiri wajibu wake au amekataa matibabu, jinsi alivyoishi gerezani, kama anatoka chini ya uangalizi, na mahali atakapoishi na kufanya kazi.

Alama hujumlishwa. Mwenye alama 70 au pungufu huangukia daraja la kwanza, kuanzia 75 hadi 105 ni la pili, na 110 au zaidi ni la tatu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mwalimu wa muziki amembaka mwanafunzi wake wa miaka 12. Kwa tendo la kuingilia mwili hupata alama 25. Kwa umri wa mtoto, ulio kati ya miaka 11 na 16, hupata 20. Kwa kuwa alimpata mtoto kupitia kazi yake, 20 nyingine. Jumla ni 65, nalo ni daraja la kwanza. Ikithibitishwa kwamba alifanya hivyo si siku moja bali kwa kipindi, huongezwa 20, na 85 humtia katika daraja la pili. Akikataa matibabu gerezani huongezwa 15, zinakuwa 100, bado ni la pili. Akimaliza kifungo chake chote na kutoka bila afisa yeyote wa kumwangalia, huongezwa 15 tena. Sasa ana 115, na ni mtu wa daraja la tatu.

Tendo alilomfanyia mtoto siku ya kwanza halikubadilika hata chembe katika hesabu hiyo. Kilichobadilika ni dalili za kwamba huenda akarudia. Daraja si kipimo cha ukubwa wa dhambi wala cha maumivu ya mtoto; hayo yalikwisha kupimwa katika hukumu ya kifungo. Daraja hujibu swali jingine: mtu huyu akiachiliwa, je, yaelekea atatenda tena, na akitenda, madhara yatakuwa makubwa kiasi gani?

Sasa tuweke baba mzazi mahali pa mwalimu. Mtoto ni yule yule wa miaka 12, tendo ni lile lile, na limeendelea kwa kipindi. Kigezo cha uhusiano hutoa alama 20 kwa mgeni asiyejulikana, kwa mtu aliyejenga urafiki kwa nia ya kudhulumu, na kwa mtu wa kazi kama mwalimu. Kwa ndugu wa nyumba moja hakitoi alama. Basi baba huyo ana 25, na 20, na 20, yaani 65. Daraja la kwanza. Waliotunga karatasi hiyo walikuwa wakifikiria hatari kwa umma, na mtu anayevizia watoto wa wengine ni hatari kwa wengi zaidi kuliko anayedhulumu ndani ya kuta zake. Lakini polisi yeyote aliyewahi kukaa katika dawati la mtoto na familia atakuambia kwamba mafaili mengi yanayoletwa kwake hayamhusu mgeni wa vichakani. Yanamhusu mjomba, baba wa kambo, mpangaji wa chumba cha nyuma, mwalimu wa ziada. Kwa hiyo anayesoma "daraja la kwanza" na kupumua kwa raha hajasoma vizuri.

Sheria yenyewe inafahamu kwamba jumla ya alama haiwezi kuona kila kitu. Kuna hali nne ambazo humpeleka mtu moja kwa moja katika pendekezo la daraja la tatu hata kama alama zake ni chache: kuwa na hukumu ya awali ya kosa kubwa la kingono, kumsababishia mwathirika jeraha kubwa au kifo, kutishia hivi karibuni kwamba atatenda tena, na kuthibitishwa na mtaalamu kwamba ana hitilafu ya akili inayompunguzia uwezo wa kuzuia tamaa. Nje ya hayo, jaji anaweza kupandisha au kushusha daraja iwapo kuna jambo zito ambalo karatasi haikulizingatia, nalo limethibitishwa mbele yake.

Wajibu wa aliyeandikishwa

Aliyeandikishwa hubeba wajibu wa miaka mingi. Mtu wa daraja la kwanza hukaa katika daftari miaka 20. Wa daraja la pili na la tatu hukaa maisha yake yote, na kadhalika mtu wa daraja lolote ambaye mahakama imemtaja kuwa mwindaji wa kingono, mkosaji mwenye ukatili, au mrudiaji wa kosa. Wa daraja la pili asiye na mojawapo ya majina hayo anaweza kuomba kufutwa baada ya miaka 30. Njia ya kuomba daraja lipunguzwe ipo pia, na serikali nayo yaweza kuomba lipandishwe.

Kila mwaka hupelekewa fomu ya kuthibitisha anwani yake, naye huirejesha ikiwa na saini ndani ya siku 20. Akihama nyumba, hutoa taarifa ndani ya siku 10. Akijiunga na chuo au kuajiriwa chuoni, hutoa taarifa. Majina anayoyatumia katika mitandao na anwani zake za barua pepe huandikwa pia. Wa daraja la tatu hufika mwenyewe mbele ya polisi wa eneo lake kila baada ya siku 90, na hupigwa picha mpya kila mwaka. Wa madaraja mawili ya chini hupigwa kila baada ya miaka mitatu. Kuandikishwa kwenyewe hulipiwa dola 50, na kila badiliko la anwani dola 10, jambo ambalo huenda likawashangaza wanaodhani kwamba serikali hiyo haitozi kitu kidogo. Anayekwepa lolote kati ya haya hutenda kosa jipya la jinai, na akirudia, kosa hupanda daraja la uzito.

Watu huuliza kama hii si adhabu ya pili kwa kosa moja. Mahakama Kuu ya Marekani ilikutana na swali hilo mwaka 2003 katika shauri lililotoka Alaska, ikaamua kwamba kuandikishwa ni utaratibu wa kulinda umma, si adhabu. Si kila mwanasheria aliridhika na jibu hilo. Anayeishi chini ya daftari kwa miaka 30 huenda naye asiridhike.

Kwa upande wa mwananchi, daraja ndilo linaloamua atajua nini. Majina ya daraja la pili na la tatu hutangazwa katika tovuti ya idara ya jimbo inayosimamia takwimu za haki ya jinai, yakiwa na picha na maelezo ya kosa. Majina ya daraja la kwanza hayamo katika tovuti hiyo. Anayetaka kujua hupiga simu kwa idara, ataje jina na kitambulisho kingine cha mtu huyo, ndipo ajibiwe kama yumo au hayumo. Kwa hiyo ukitafuta jina katika tovuti ya New York na usilione, hujathibitisha kwamba mtu huyo hana hatia. Umethibitisha tu kwamba hayumo katika orodha ya wazi.

Ugumu huongezeka ukivuka mpaka wa jimbo. Serikali kuu ya Marekani ilitunga sheria mwaka 2006 iliyopanga ngazi tatu nyingine, na hizo hufuata aina ya kosa lililoandikwa katika hukumu, bila kupima hatari ya mtu binafsi: ngazi ya kwanza miaka 15, ya pili 25, ya tatu maisha. California, tangu Januari 2021, ina ngazi zake za miaka 10, miaka 20 na maisha. Florida haina namba hizo kabisa. Hivyo "tatu" ya jimbo moja si lazima iwe ndugu wa "tatu" ya jimbo jingine, na msomaji asilinganishe namba bila kujua imetoka wapi.

Mkia unaofika kwenye lango letu

Mwaka 2016 Marekani ilitia saini sheria inayohusu safari za nje za wakosaji dhidi ya watoto. Aliyeandikishwa lazima atoe taarifa ya safari ya kimataifa siku 21 kabla ya kuondoka, akitaja anakokwenda. Akisafiri bila kutaja, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kituo kiitwacho Angel Watch, kilicho chini ya idara ya usalama wa ndani ya nchi hiyo, hulinganisha orodha za abiria na madaftari, kisha huiarifu nchi anayokwenda. Nchi inayopokea taarifa ndiyo huamua: kumkataa mlangoni, kumruhusu kwa masharti, au kumwacha apite.

Jambo la pili liko katika pasipoti yenyewe. Pasipoti ya Mmarekani aliyetiwa hatiani kwa kosa la kingono dhidi ya mtoto, na ambaye bado yumo daftarini, huwekwa maandishi ndani ya jalada la nyuma yanayoeleza hukumu hiyo. Hanyimwi pasipoti kwa sababu hiyo tu. Maana yake ni kwamba afisa wa uhamiaji anayeipokea Malaba au Mutukula anaweza kuisoma habari hiyo kwa macho yake, iwapo ataifungua hadi mwisho. Anayefungua ukurasa wa picha tu na kupiga muhuri hataiona. Nasi hatutaficha kwamba siku ya soko, foleni ikiwa imefika kwenye mizani ya malori, kufungua hadi mwisho si jambo la kila wakati.

Tena, maandishi hayo huondoka pale wajibu wa kuandikishwa unapokwisha, na hayamhusu aliyemdhulumu mtu mzima. Hayamhusu pia raia wa nchi nyingine. Uingereza ina daftari lake, nalo si la wazi kwa umma. Wakosaji huwaarifu polisi wao kabla ya kusafiri nje, nao polisi wanaweza kutumia njia za Interpol, ikiwamo Taarifa ya Kijani, ambayo hutumika kuonya kuhusu mtu anayeweza kuwa tishio kwa umma mahali pengine.

Kwamba tahadhari hizi si za kinadharia, wasomaji wa upande wa Kenya wanajua. Mmarekani mmoja kutoka Pennsylvania alifungua nyumba ya watoto yatima katika Bomet mwaka 2008. Alikuwa amekwisha kuhukumiwa nchini kwake mwaka 1996 kwa kosa lenye nia ya kingono. Aliondoka Kenya mwaka 2017 madai ya watoto yalipoanza kusikika, akakamatwa kwao, akakiri makosa dhidi ya wasichana wanne, na Februari 2021 mahakama ya Marekani ikampa kifungo cha zaidi ya miaka 15. Tangu hukumu ya kwanza hadi kufunguliwa kwa nyumba ile ilipita miaka 12. Hakuna daftari lililomzuia. Waliofanya habari ijulikane walikuwa wanawake wa eneo lile na watoto wenyewe waliothubutu kusema.

Barabara moja, sheria mbili

Itakuwa ni udanganyifu kuzungumza juu ya Wazungu peke yao. Katika mji wa Busia mtu hununua mkate Kenya na kuulia Uganda. Anayekimbia kesi hahitaji ndege, anahitaji bodaboda na dakika tano.

Upande wa Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haina madaraja matatu, ila kifungu chake cha 39 kina wazo la jamaa moja. Mahakama inaweza kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa kingono ikiwa ana hukumu zaidi ya moja, au alitenda kwa nguvu na vitisho, au alimtendea mtoto. Aliyetangazwa hivyo anaweza kuamriwa kuwa chini ya uangalizi baada ya kifungo. Msajili wa Mahakama Kuu anatakiwa kutunza daftari la waliohukumiwa. Na mwenye hukumu anayeomba kazi ya kulea au kusimamia watoto bila kuitaja hukumu hiyo anatenda kosa, ambalo kifungo chake si chini ya miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 50,000 za Kenya, au vyote viwili.

Upande wa Uganda, Bunge lilipitisha muswada wa makosa ya kingono mwezi Mei 2021 uliokuwa na sehemu ya daftari, lakini Rais hakuutia saini. Adhabu zipo, tena kali: kumnajisi mtoto aliye chini ya miaka 14 kunaweza kuleta hukumu ya kifo. Daftari la kumfuata mtu baada ya kifungo ndilo halipo kwa sheria hiyo. Kwa hiyo mtu aliyetangazwa kuwa hatari na mahakama ya Kenya akivuka barabara na kupanga chumba upande wa pili, hana ofisi ya kumripoti, na mwenye nyumba hana pa kuuliza isipokuwa afikirie kuuliza.

Ndiyo maana tunasisitiza kuuliza. Shule, kanisa, msikiti au kituo cha watoto kinachompokea mfanyakazi au mtu wa kujitolea kimtake alete cheti cha mwenendo mwema kutoka nchi alikoishi. Kwa Uganda hutolewa na polisi kupitia kurugenzi ya Interpol, Kampala. Kwa Kenya hutolewa na idara ya upelelezi wa jinai. Mwingereza, au mtu aliyewahi kuishi Uingereza, ana hati iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za nje pamoja na watoto, iitwayo Cheti cha Kimataifa cha Ulinzi wa Mtoto, hutolewa na ofisi ya kumbukumbu za jinai iitwayo ACRO. Mmarekani anaweza kupata muhtasari wa kumbukumbu zake kutoka FBI, na tovuti ya taifa ya nchi hiyo ya wakosaji wa kingono, inayoendeshwa na wizara ya sheria, humruhusu mtu yeyote popote kutafuta jina bila malipo. Mgeni mwema haoni haya kuleta karatasi. Anayesema kwamba ameudhika kwa kuulizwa, mweleze kwa adabu kwamba hata mwalimu mzaliwa wa kijiji anaulizwa; na uhakikishe kwamba kweli anaulizwa, kwa sababu cheti kinachodaiwa kwa mgeni peke yake kinamwacha mjomba, baba wa kambo na mwalimu wa ziada wapite bila swali.

Ukiona jina katika tovuti, usiisambaze picha katika kundi la simu kabla ya kufika kituoni. Majina hufanana; kuna akina John na akina Mohamed wengi. Mtu aliyekwisha kutumikia hukumu yake bado ana ulinzi wa sheria, na kumpiga au kuchoma nyumba yake ni jinai ambayo wewe ndiye utakayejibu. Leta jina kamili, uraia, na nakala ya ulichokiona kwa afisa wa mahusiano na jamii au kwa dawati la mtoto na familia. Sisi tutaulizia kupitia njia za Interpol, na ikibidi tutawasiliana na wenzetu wa upande wa pili wa barabara. Mwenyekiti wa LC1 naye apewe taarifa, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye chumba kipi kina mpangaji mpya.

Na ikiwa si habari ya zamani bali mtoto amesema leo kwamba ameguswa au ameingiliwa, usianze na tovuti wala cheti. Usimwogeshe, usifue nguo zake, usikae na familia ya mtuhumiwa kujadili ng'ombe wala fedha. Mpeleke hospitali ya karibu mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya muda huo. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo, na namba hiyo ni ile ile Uganda, Kenya na Tanzania, upande wowote wa barabara utakaokuwa umesimama.